Nusu Saa ya Kwenda Lamu

Tangu nirudi, sijamaliza kikombe cha chai hapa shuleni bila mmoja wenu kuniuliza, "Mwalimu Amina, ilikuwaje huko?" Nimeanza kusimulia mara kadhaa, na kila mara kengele imelia kabla sijaondoka Malindi. Na tangu tuletewe darasa la nane, hakuna tena mwalimu mwenye nafasi ya kumsikiliza mwenzake. Basi nimeandika. Atakayesema nimetia chumvi amwendee shangazi yangu Bi Zuhura amwulize, ila asiende na haraka, maana hatoki bila kula.

Kwanza mjue tulikuwa tunakwenda kufanya nini. Baba yangu ana dada wawili. Mkubwa ni huyu Bi Zuhura, ninayekaa naye hapa mjini. Mdogo ni Bi Khadija, aliyeolewa Lamu. Bibi yetu alipofariki aliacha kinu cha shaba na mchi wake. Ni kinu kidogo, unaweza kukipakata, lakini ukikinyanyua utafikiri kimejazwa risasi. Kwetu, kila msichana anayeolewa hutwangiwa singo ndani ya kinu hicho, yaani yale manukato ya karafuu, liwa na maua makavu anayosuguliwa bibi harusi mwili mzima. Na haitwangwi na mtu mmoja. Sharti wawe ndugu wa tumbo moja, huyu ameshika kinu, yule ameshika mchi, na wakichoka wanabadilishana.

Arubaini ya bibi ilipokwisha, Bi Zuhura alikitia kinu kapuni akaja nacho Malindi, akisema yeye ndiye mkubwa. Bi Khadija akaapa hatamsemesha dada yake mpaka kinu kirudi. Sisi tulidhani ni hasira za msibani. Wapi! Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, watu wakafa, salamu hakuna.

Mwaka huu ukaja ujumbe kwa mdomo wa msafiri: binti wa pekee wa Bi Khadija anaolewa Ijumaa, na dada akitaka kuja, aje. Kinu hakikutajwa. Kesho yake Bi Zuhura aliniambia nijitayarishe. Nilipomuuliza, "Na kinu, shangazi?" alinijibu bila kugeuka: "Kinu hakitoki humu ndani." Nilijua akienda mikono mitupu, Bi Khadija atampokea mbele za watu na kumkalisha kama mgeni wa mbali, na hapo undugu utakuwa umekwisha kabisa.

Barabara ilikuwa imekatika upande wa Garsen, mto Tana umefurika, mabasi yamelala. Ikabidi twende kwa ndege. Karani wa uwanjani aliyetukatia tikiti alimwambia shangazi, "Nusu saa tu, mama. Ukifumba macho ukifumbua, uko Manda." Manda ni kisiwa kinachoelekeana na Lamu, na ndiko uliko uwanja wa ndege. Mimi mwenyewe nilipima kwenye ramani ya darasani: kutoka Malindi hadi Lamu ni upana wa vidole viwili. Nikawaambia wanafunzi wangu kwamba mwalimu wao atakunywa chai Malindi na kurudisha kikombe Lamu kikiwa bado cha moto. Mungu anisamehe.

Uwanja wa Malindi

Mnajua mambo ya mtaa wetu. Habari kwamba tunasafiri ilitoka asubuhi, na adhuhuri mlango ulikuwa hauingiliki kwa vifurushi. Huyu halwa ya mwanawe, yule achari ya wifi yake, mwingine tende, mwingine samaki wa ng'onda waliokaushwa vizuri lakini wananuka kama kawaida yao. Kila mmoja anasema, "Ni kidogo tu, mpe mkononi." Kukataa mzigo wa jirani kwetu ni kama kukataa salamu yake. Tulifika uwanjani siku ya Jumatano na vikapu vya kutosha kufungua duka.

Ndege ilikuwa ndogo, rangi yake imebabuka. Rubani wetu aliitwa Njoroge, kijana wa bara mwenye miwani ya jua na haraka nyingi. Abiria mwenzetu alikuwa Bwana Kazungu, muuguzi, mzaliwa wa Kaloleni, ambaye alikumbatia sanduku la dawa za chanjo lililojaa barafu. Na mbele ya ndege kulikuwa na mizani.

"Mama, panda hapa nikupime," Njoroge akamwambia shangazi.

"Nipande wapi? Mimi gunia la kopra?"

"Ni sheria, mama. Ndege ni ndogo, lazima nijue uzito."

"Uzito wangu aujua Mola. Mtu hapimwi hadharani, baba. Macho ya watu si mazuri."

Wakabishana mpaka nikaona aibu. Mwishowe tukapatana hivi: watu wote wageuke waitazame bahari, mimi nishike kanga kama pazia, na rubani peke yake asome. Shangazi akapanda. Njoroge akasoma, akamtazama shangazi, akasoma tena.

"Mama, ni kilo..."

"Koma! Andika kimya kimya."

Aliposhuka alijigonga kwenye ukingo wa mizani, ukasikika mlio mzito. "Funguo zangu," akasema. Nilishangaa ni funguo za ngome gani, lakini sikuuliza.

Mizigo ilikuwa imezidi. Njoroge akasema tupunguze. Tupunguze kipi sasa? Kila kifurushi kina mwenyewe. Hapo shangazi akapata wazo, na mimi mwalimu wa hesabu nikaliunga mkono, jambo ambalo naomba lisifike kwa mwalimu mkuu. Alisema kuliko kuziacha amana za watu zikaliwa na panya wa uwanjani, bora tuzile, na tukifika Lamu tuwaambie wenyewe zilikuwa tamu. Tukatandika mkeka kivulini. Tukafungua halwa, mahamri, tende na mkate wa sinia. Bwana Kazungu alikaribishwa, akakataa mara moja kwa adabu, akala kwa bidii. Njoroge alisema hana nafasi, kisha akakaa. Katikati ya kula alitangaza jambo fulani kuhusu njia tutakayopita, lakini wakati huo tulikuwa tumefikia halwa, na hakuna aliyemsikiliza.

Vikapu vilipokuwa vyepesi, shangazi akamwambia kwa ushindi, "Haya, pima sasa!"

Njoroge akatupima upya, watu na mizigo, pazia la kanga likiwa mahali pake. Akajumlisha. Akapangusa sukari mdomoni.

"Mama," akasema kwa upole, "chakula hakijapungua. Kimehama tu."

Bwana Kazungu alicheka mpaka akalitua sanduku lake chini. Tukamwachia karani ng'onda wote na achari, tukaondoka.

Juu

Ndege ilipoacha ardhi, Bwana Kazungu alifumba macho akaanza kuomba kwa Kigiriama. Shangazi, ambaye naye ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda, alimpigapiga begani na kumwambia asiogope, wenye roho nzuri hawaanguki. Tuliona maji mekundu ya mto Sabaki yakiingia baharini. Tukaona Tana ilivyotapakaa, barabara imeingia majini na hakuna pa kutokea. Kila mara shangazi alijishika kiuno. Nilidhani ni mahamri.

Kweli, baada ya nusu saa hivi, tuliiona Lamu chini yetu, mapaa ya makuti na mnara wa msikiti. Shangazi akajifunga buibui vizuri, akanyoosha ushungi, akanong'ona, "Sijui atakuwa amenenepa." Nikajua anamsema nani. Lakini ndege haikuteremka. Lamu ikaja, Lamu ikapita, ikabaki nyuma.

"Wewe kijana!" Shangazi akamgonga Njoroge bega. "Umepitiliza!"

"Kiunga kwanza, mama! Dawa zitaharibika barafu ikiyeyuka. Si nilisema?"

"Ulisema lini?"

"Wakati wa halwa!"

Kiunga

Kiunga ndio mwisho wa pwani yetu, ukiruka kidogo umeingia Somalia. Uwanja wake ni mchanga na nyasi, na wenye haki nao ni mbuzi. Tulizunguka juu mpaka watu wakaja kuwafukuza, tukatua kwa kurukaruka.

Shangazi alishuka wa kwanza, mnene, mnyoofu, ushungi wake mweupe. Nyuma yake akashuka Bwana Kazungu amebeba sanduku la dawa. Ukiwatazama pamoja, ungesema mkubwa ni nani na mtumishi ni nani? Ndivyo walivyosema watu wa Kiunga. Mwanamke mmoja, Bi Mwanaesha, alimkimbilia shangazi akamshika mkono kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi, mama! Tumekungoja tangu alfajiri!" Akamvuta. Watu wakafuata wakimshukuru Mungu. Shangazi akanigeukia, uso umenawiri. "Amina, umeona adabu za watu wa hapa?"

Adabu hizo zilimfikisha hadi chumbani, kwenye kitanda cha mkwe wa Bi Mwanaesha, msichana mdogo aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Walidhani shangazi ndiye daktari. Mtu mwingine angetoka mbio. Yeye alivua viatu, akakaa kitandani, akampa yule msichana mkono, akamwambia, "Mimi si daktari, mwanangu, lakini nimezaa. Daktari yule pale na sanduku, mpisheni." Bwana Kazungu, ambaye juu alikuwa amefumba macho, sasa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinawa, akampima, akatoka nje na uso mzito. Mtoto amelala kinyume. Huyu ni wa hospitali ya Lamu, leo hii.

Na hapo mvua ikanyesha, mvua ya kukata kauli. Tulikaa barazani kwa Bi Mwanaesha, mimi na Njoroge, tukala wali wa nazi na kamba wakubwa waliochomwa kwa pilipili na ndimu. Nakiri kwamba walikuwa watamu kuliko wasiwasi wangu. Njoroge alinunua kikapu kizima cha kamba awapelekee wenzake Malindi. Kisha akaenda kuukanyaga uwanja kwa kisigino, akarudi anatikisa kichwa.

"Pamelowa," akasema. "Nikibeba kama nilivyokuja, hatutainuka. Mgonjwa atalala nyuma, muuguzi atakaa naye. Nina nafasi ya mtu mmoja tu, tena mwepesi. Mmoja atabaki, nitamfuata kesho nikijaliwa. Na tuondoke sasa hivi, Manda hakuna taa, jua likizama siwezi kutua."

Alitutazama mimi na shangazi, akatuhurumia, lakini macho yake yakaishia kwangu. Nyote mnanijua, upepo ukivuma nashika mti.

Singo ilikuwa itwangwe jioni ile ile. Nilimwambia shangazi atapanda yeye hata ikibidi nimpigie rubani magoti. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akafunua buibui. Kiunoni alikuwa amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na ndani ya zile kanga kulikuwa na kinu.

Nilikaa chini kwenye tope.

"Ulisema hakitoki!"

"Nilisema hivyo. Kisha usiku nikajifunga nacho, nisije nikabadilisha nia njiani." Alikuwa anafungua mafundo. "Mpe Khadija mkononi. Mwambie ni chake."

"Mpe wewe! Shangazi, usipofika leo atasema umekataa kuja."

"Na yule mtoto ndani nimwambie nini? Ashuke ili mimi nikacheze harusi? Kanishika mkono hapa, tazama, kucha zake zimeniingia." Alinifungia kinu kwa kanga moja, nyingine akabaki nayo. Akanisukuma kuelekea uwanjani, nami nikaenda huku nalia.

Ndegeni Njoroge akauliza, "Na hicho ulichobeba ni nini?"

"Harusi," nikamjibu.

Alikinyanyua, akashtuka. Akakitazama kinu, akakitazama kikapu chake cha kamba. Aliguna, akakishusha kikapu, akampa Bi Mwanaesha. Tuliinuka tukiwa tumebakisha nyasi chache sana za uwanja. Nilipochungulia nyuma nilimwona shangazi amesimama katikati ya mbuzi, anatupungia mkono mpaka akawa nukta.

Manda, kisha Lamu

Tulipotua Manda, motaboti ya kutuvusha hadi Lamu ilikuwa tayari. Bwana Kazungu na mgonjwa walivushwa kwanza, nami nikavushwa baada yao. Nilipita vichochoro vya Lamu nikiwa nimelowa, nina tope, nimekumbatia kinu kama mtoto aliyenenepa. Punda walinipisha.

Nyumba ya Bi Khadija ilikuwa imejaa wanawake. Alikuwa ameketi ukumbini na sinia la karafuu na maua mbele yake, mdogo kwa umbo, ana uso ule ule wa shangazi yangu. Hakunenepa hata kidogo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Yuwapi mwenyewe?"

Nikaweka kinu mapajani mwake. "Amebaki Kiunga, shangazi. Ndege haikuwa na nafasi. Amesema hiki ni chako."

Alitegemea nini miaka yote ile, mimi sijui. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyerudishiwa haki yake. Ulianguka. "Kiunga," akasema polepole. "Kwani Kiunga ndiyo njia ya Lamu? Kanipa shaba ili asinione uso. Sema kweli, Amina. Hataki kuja."

Nilieleza habari za chanjo, msichana, mvua, mbuzi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana uongo. Alinisikiliza kwa heshima, na nusu ya wanawake wale walikuwa wanatazama sakafu. Mwishowe akaifungua kanga ili angalau akitazame kinu cha mama yake. Akatia mkono ndani. Akakipindua. Akaikung'uta kanga.

"Mchi u wapi?"

Mimi pia nikatafuta. Nikajipapasa, nikatoka hadi mlangoni kutazama nilikopita. Na ndipo nikaikumbuka ile kanga ya pili aliyobaki nayo.

"Uko kwake," nikasema. "Uko kiunoni mwake."

Bi Khadija alinikodolea macho. Halafu akaanza kucheka, taratibu, mkono mdomoni, na machozi yakitoka. "Zuhura!" akasema. "Zuhura huyu huyu! Mchi anao yeye. Basi yuwaja! Enyi wanawake, dada yangu yuwaja!"

Mmoja akasema ataleta mchi wa jirani, muda unakwenda, singo itachelewa. Bi Khadija akamwambia jirani akae na mchi wake, na bibi harusi hatakufa kwa kuchelewa kunukia. Akaagiza chakula kipakuliwe. Nililala huku nikiomba mvua isirudi Kiunga.

Asubuhi, Manda tena

Asubuhi Bi Khadija hakumtuma mtu. Alivuka mwenyewe hadi Manda, mama wa bibi harusi, nyumba yake imejaa wageni na sufuria ziko motoni. Tulikaa kwenye benchi la uwanjani tukitazama mawingu. Tulikuwa tumeshapata habari njema kutoka hospitali, mtoto ametolewa salama, wa kike, na mama yake anaomba uji. Bi Khadija alishukuru Mungu, lakini macho hakuyatoa mbinguni.

Ndege ikasikika kabla haijaonekana. Ilipotua, shangazi aliteremka kinyumenyume, akageuka, akamwona mdogo wake. Wakasimama, kati yao pana mchanga wa hatua chache. Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Njoroge alivua miwani. Mimi nilitaka kuwasukuma.

"Mchi?" akauliza Bi Khadija.

"Upo," akasema Bi Zuhura. "Lakini niamkie kwanza. Mimi mkubwa wako."

Kisha Bi Khadija, mbele ya rubani na mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema shangazi, akafungua mikono yote miwili. Siwezi kuwaeleza kilichofuata, kwa sababu mimi nami nilikuwa ndani yake, nimebanwa katikati ya buibui mbili, na mchi wa shaba ukinichoma mbavu.

Singo ilitwangwa siku hiyo, huyu kashika kinu, yule kashika mchi, wakibishana kuhusu karafuu mpaka ikaisha. Harusi ilikuwa harusi. Wenye halwa yao tuliwaambia ilikuwa tamu, wakatuelewa vibaya, wakanyoosha mikono waipokee.

Kurudi

Kinu kilibaki Lamu. Mchi nao ulibaki. Pale Manda shangazi alipanda mizani mwenyewe bila pazia, na Njoroge akasoma mara mbili. "Mama, umetoka harusini halafu umepungua?" Shangazi akamwambia apime, aandike, twende zetu.

Tulipokuwa juu nilimuuliza lile lililonikaa rohoni. "Shangazi, kule Kiunga, ule mchi uliusahau?"

Aliniona mjinga kiasi cha kunihurumia. Akajishika kiuno kwa uangalifu. "Hapa bado pana alama yake. Kitu kinachokuuma hivi, mchana na usiku, unaweza kukisahau?" Akaukaza mkanda wake. "Kinu ningempa hata kwa mkono wako. Lakini nilitaka nione kama atakuja kuufuata mchi."

Akageukia dirisha, akaanza kuniuliza kama ule ulikuwa Tana au mto mwingine. Sijamaliza kumjibu, nikaona maji mekundu ya Sabaki, mara magurudumu yakagusa chini. Njoroge akazima injini. Shangazi hakufungua mkanda. Alitazama jengo la uwanja, karani yule yule mlangoni.

"Tumefika Malindi?"

"Tumefika."

"Nusu saa?"

"Nusu saa, shangazi."

"Kumbe Lamu ni karibu hivi," akasema, akafunika uso kwa ushungi, akalia.